Ramadhani na Kwaresma Njia Moja: Safari ya Kwenda kwa Wakimbiaji

Jumatatu, Machi 2, 2026. Dar es Salaam hadi Dodoma

Treni ya asubuhi imetoka Stesheni ya Magufuli abiria wengi wakiwa bado na usingizi wa daku. Nimekaa dirishani. Pembeni yangu yupo dada wa klabu yetu ya jogging ya Temeke, Mwiraqw wa Mbulu, muuguzi, Mkatoliki. Mimi ni fundi cherehani, Muislamu, asili yangu Tanga. Tunakwenda kwao. Yeye amepata likizo akawaone wazazi, na mimi nimemwomba tusikimbilie kufika: tupite Singida na Karatu, niione nchi walikotoka wakimbiaji ambao picha zao nimezibandika ukutani pa chumba ninachoshonea.

Mwaka huu Jumatano ya Majivu iliangukia Februari 18, na Ramadhani ikaingia wiki hiyohiyo. Haitokei kila mara. Ramadhani husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, na Kwaresma huenda mbele na nyuma kati ya Februari na Aprili. Zikishakutana hukaa pamoja miaka michache, kisha huachana muda mrefu. Mama yangu anakumbuka zilivyokutana miaka ya tisini, alipokuwa akiuza vitumbua Tanga na wateja wake wa asubuhi wakapotea wote kwa mpigo, wa msikitini na wa kanisani.

Kule Temeke Jumapili ya mwisho kabla ya mfungo tulifanya vunja jungu. Kila mwaka klabu hukimbia alfajiri, halafu hupika pilau, na Waislamu huagana na chakula cha mchana. Safari hii Wakatoliki nao walikuwa wakiaga. Sufuria moja, sababu mbili. Tukakubaliana kwamba mwezi mzima mazoezi yatakuwa saa kumi na moja jioni, kilomita chache tu, tukimaliza tukifika nyumbani adhana inaita.

Mwenzangu ameniambia jambo ambalo sikulijua hadi leo ndani ya treni. Kanisa lake linadai mfungo wa chakula siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na kuacha nyama kila Ijumaa. Yeye mwaka huu ameamua kula mara moja kwa siku, magharibi, na pesa ya chai na ya mchana anaitia kwenye kibahasha cha sadaka. "Nimechagua magharibi kwa sababu yenu," amesema. "Nikila saa nane mchana nitakuwa nafunga peke yangu wodini. Nikisubiri adhana, nafunga na nusu ya wauguzi."

Tumepita Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro. Baada ya hapo milima ya Kilosa na mahandaki, giza na mwanga, giza na mwanga, watoto wakipiga kelele kila tunapotoka upande wa pili. Mama mmoja aliyekaa mkabala nasi alifungua chapati akatuomba radhi kwa kula mbele yetu. Mwenzangu akamwambia ale tu, ana mtoto anayenyonya. Hakuna aliyejificha na hakuna aliyekasirika. Hilo nalipenda katika nchi hii na nitalitetea popote: mwenye kufunga hamfungishi jirani yake.

Dodoma tumefuturu kwa mama ntilie karibu na stendi ya Nanenane: tende, uji wenye pilipili manga, viazi vitamu, maharage ya nazi. Runinga ya ukutani ilikuwa ikirudia michezo ya AFCON ya Morocco, na vijana wakaanza upya ule mjadala wa Januari 4, siku Taifa Stars ilipotolewa na wenyeji kwa bao moja. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuvuka makundi. Tulivuka kwa sare mbili, na Uganda na Tunisia, na hata hivyo mtaa wangu ulilala saa tisa usiku. Kijana mmoja mwenye fulana ya Yanga alikuwa akimtetea beki wa Simba kwa nguvu zote. Jezi ya taifa humfanya mtu amtetee hata mtani wake wa jadi, na nimeiona mara nyingi kiasi kwamba sidhani ni bahati.

Tarawehe nimeswali Msikiti wa Gaddafi. Kumi la pili la mwezi limeshaanza, kumi la maghufira, la msamaha.

Jumanne. Dodoma hadi Singida

Basi limechelewa kutoka, kwa hiyo magharibi imetukuta njiani, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo nitalisimulia Temeke kwa muda mrefu.

Tulishapita Bahi na Manyoni. Mashamba ya alizeti yalikuwa pande zote, mengine yameanza kuinamisha vichwa. Dereva alikuwa amefungulia redio ya Dar. Redio ikatoa adhana ya magharibi. Kijana aliyekaa kiti cha nyuma yangu akashika chupa ya maji, akaifungua, akaanza kusema bismillahi. Mzee mmoja mwenye kofia ya vito akageuka: "Mwanangu, weka chini. Hiyo ni magharibi ya Dar."

Kijana akabishana kidogo. Alikuwa amekula daku Dar, akapanda basi la alfajiri. Kwake hesabu ilikuwa imetimia. Mzee hakumjibu. Aliyemjibu ni konda, kijana mwenye rozari shingoni, aliyekuwa amesimama mlangoni. Alinyoosha mkono kupitia kioo cha mbele: "Kaka, jua lile pale. Bado vidole viwili."

Basi zima tukaangalia. Jua lilikuwa juu ya miamba, jekundu, halijazama kabisa. Kutoka Dar hadi huku umekwenda magharibi kama nyuzi nne za longitudo, na kila nyuzi moja ni dakika nne za jua. Robo saa na zaidi kidogo. Ukifunga unasafiri kuelekea magharibi, siku yako inarefushwa na barabara.

Tukasubiri pamoja, Waislamu na wasio Waislamu, macho yote mbele. Konda akawa mpiga mbiu: "Kidole kimoja... nusu... bado kipande." Lilipozama akagonga bodi la basi mara mbili na dereva akaegesha pembeni, jirani na vibanda vya Ikungi. Watu wakashuka. Konda akatoa mfuko wa tende aliokuwa ameununua Dodoma kwa pesa yake, akagawa kuanzia kwa yule mzee. Mwenzangu naye akapokea yake, akafanya ishara ya msalaba, akala.

Mzee akamuuliza konda kama amefunga. "Kwaresma, baba. Nimeacha bia hadi Pasaka." Mzee akamwombea dua ndefu pale pale, na konda akaitikia amina kwa kila neno.

Mwezi ulikuwa mpevu. Tumeingia Singida mjini barabara ikiwa nyeupe.

Jumatano. Singida

Leo hatukusafiri. Tumelala kwa shangazi wa mtu anayefanya kazi na mwenzangu, familia ya Kinyaturu. Bibi ni Muislamu, marehemu babu alikuwa Mlutheri, watoto wamegawanyika bila vita. Mkwe mmoja huamka saa tisa kumpikia bibi daku ingawa yeye mwenyewe hafungi Ramadhani. Nimemuuliza kwa nini asimwachie mjukuu Muislamu kazi hiyo. Ameniangalia kama niliyeuliza swali la mgeni: "Mama ni mama yangu. Daku ni chakula."

Singida imemzaa Alphonce Simbu, mkimbiaji wa marathoni. Tulipokuwa Ikungi jana usiku nilikuwa nimesimama katika wilaya yake. Kila mtu hapa ana lake la kusema juu yake, na wengine nadhani wamejiongezea, lakini lile la Septemba 15, 2025 halihitaji kuongezewa. Mbio za marathoni za ubingwa wa dunia, Tokyo, zilianza saa moja na nusu asubuhi ya huko, ambayo kwetu ni saa saba na nusu usiku. Klabu yetu tulikusanyika kwangu, watu kumi na kitu juu ya simu mbili. Ilipofika saa tisa na zaidi, saa ambayo Ramadhani tungekuwa tunakula daku, waliingia uwanjani. Mjerumani Amanal Petros alikuwa mbele. Simbu akaja, akaja, na kwenye mstari Petros akajirusha. Wote wawili wakaandikiwa saa 2:09:48. Waamuzi wakatazama picha, na tofauti ikawa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia yote ya mashindano hayo.

Kwangu watu walilia. Fundi ujenzi mmoja wa klabu, mtu mzima, alikumbatiana na jirani ambaye walikuwa hawasemezani tangu ugomvi wa mpaka wa choo. Simbu hakuwa mgeni kwetu. Alishapata shaba London mwaka 2017 na alikuwa wa tano Rio mwaka 2016. Ni mtu aliyefanya kazi miaka mingi tukiwa tunamtazama kwa jicho la pembeni, na siku moja akatupa sababu ya kulia pamoja.

Wiki sita baadaye ikaja Oktoba 29, siku ya uchaguzi mkuu.

Siwezi kuandika juu ya umoja wa taifa nikaruka siku hiyo. Watu waliuawa. Intaneti ilizimwa, Dar tukawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na tulipotoka hatukuwa watu walewale. Klabu haikukimbia kwa wiki nyingi. Tuliporudi barabarani tulikimbia kimya, kila mmoja akijiuliza mwenzake alikuwa upande gani, alishangilia nini, amemzika nani. Hicho ndicho kilichonifanya niitake safari hii. Nilitaka kujua kama kile tulichokuwa nacho usiku wa Tokyo kilikuwa kweli au tulikuwa tumelewa ushindi.

Bibi wa Kinyaturu alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba mfungo wa kweli una madai: ukishinda na njaa huku umemdhulumu mtu, umeshinda na njaa tu. Hayo yamo katika mafundisho yetu, na mkwe wake akasema Isaya naye ameyasema hayohayo, mfungo ambao Mungu ameuchagua ni kufungua vifungo vya uovu. Wakakubaliana, mmoja akichambua mchele, mwingine akipepeta.

Nimeliandika ili nisilisahau, kwa sababu naona hatari. Kila Ramadhani viongozi hufuturisha, viongozi wa dini hukaa meza moja, kamera zikapiga. Ni jambo jema na nisingependa liachwe. Lakini sitaki mtu aitumie futari kufunika kaburi. Anayetaka tule pamoja akubali pia tuulizane habari za waliokosekana kwenye jamvi.

Alhamisi. Singida, Katesh, Babati, Mbulu

Siku ngumu. Niliamka na kichwa kizito, daku sikula vizuri, na jua la barabara ya Katesh lilinishinda. Mlima Hanang ulipojitokeza, mkubwa, peke yake katikati ya nyanda, zaidi ya mita 3,400, nilikuwa naona madoa mbele ya macho.

Mwenzangu alinishika mkono akapima mapigo ya moyo, muuguzi kamili. "Dada, wewe ni musafiri. Una ruhusa. Kula, utalipa baadaye." Mimi nilikuwa najua hukumu hiyo tangu madrasa, Qur'ani imesema mgonjwa au aliye safarini atimize hesabu katika siku nyingine. Sikuwa nimetarajia kuisomewa na Mkatoliki katika stendi ya Katesh. Amesema wagonjwa wake wa Temeke humkatalia dawa mchana, kwa hiyo alikwenda kwa shehe wa msikiti wa jirani, akajifunza vizuri, ili awape ruhusa wanayoifahamu kwa maneno wanayoyaamini. Nilikunywa maji na chungwa na ndizi mbili. Yeye hakugusa kitu hadi jioni.

Katesh bado inaonesha kovu la Desemba 3, 2023, siku tope na mawe viliposhuka kutoka Hanang na kuua watu zaidi ya 80. Muuza ndizi alituonesha mapito ya lile tope. Alisema misaada ilikuja kutoka kila pembe, misikiti na makanisa, magari yakipanga foleni, na kwamba maturubai waliyolalia watu hakuna aliyeuliza yametoka kwa nani.

Babati tukabadili gari, tukapanda kupitia Dongobesh. Barabara ina vumbi na kona, na kila kona hewa inapoa. Mahindi yamesimama kifua cha mtu. Tulipofika Mbulu usiku nilikuwa nimejifunika khanga mbili na bado natetemeka.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, karibu mwanetu. Umekula leo? Binti ametupigia, ametuambia." Baba mtu alikuwa na maziwa ya moto tayari.

Ijumaa. Mbulu

Mama mwenye nyumba alikuwa amejiandaa kwa ujio wangu wiki nzima. Alimuuliza binti yake kwa simu, mgeni wetu hali nini, anafuturu na nini, anahitaji mahali pa kuswalia pakoje. Chumbani nimekuta mkeka mpya, na mtu amechora mshale wa chaki sakafuni kuelekea kaskazini. Nimeangalia kwa simu yangu; mshale uko sawa kabisa. Mjukuu wa darasa la sita ndiye aliyepiga hesabu.

Leo nimefunga. Wao pia. Saa tisa waliondoka kwenda Njia ya Msalaba, mimi nikabaki namenya magimbi na binti mdogo wa nyumbani. Ijumaa ya Kwaresma hawali nyama, kwa hiyo futari yangu ya Mbulu ilikuwa hii: uji wa ulezi, magimbi na viazi vitamu, maharage, mlenda, maziwa ya mgando, ugali kwa anayetaka. Hapakuwa na nyama, na hapakuwa na mtu wa kuikumbuka. Nikawaza futari ya pamoja ya klabu yetu, ambayo kila mwaka huwa Ijumaa na kila mwaka ina sambusa za nyama. Nimetuma ujumbe Temeke palepale: mwaka huu sambusa ziwe za samaki na za viazi. Katibu amejibu kwa dole gumba na maneno "tulishabadilisha, Mama Mkunga alitukumbusha".

Walirudi kanisani jua likiwa juu bado. Tukakaa wote uani tukilisubiri. Na hapo ndipo baba mwenye nyumba alipomtaja John Stephen Akhwari.

Akhwari ni mtu wa huku. Mwaka 1968 mzee wangu huyu alikuwa kijana wa shule. Habari za Mexico City ziliwafikia kwa redio, na kwa vipande: kwanza kwamba Mwethiopia Mamo Wolde ameshinda marathoni, halafu siku nyingi baadaye kwamba mtu wa Mbulu alianguka. Ilikuwa Oktoba 20. Mji ule uko juu zaidi ya mita 2,200. Akhwari alibanwa na misuli, akaanguka katika kugombea nafasi, goti likaumia, na bega. Walimfunga bandeji akaendelea. Walianza watu 75. Walioacha ni 18. Yeye aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, giza limeingia, watazamaji wachache wamebaki, na akamaliza wa 57, wa mwisho, kwa saa 3:25:27. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili elfu tano akaanze mbio, ilimtuma akazimalize.

"Alivyorudi," mzee akasema, "alirudi kulima. Sisi tulimwona shambani. Mtu ambaye dunia nzima inamjua, ana jembe."

Kijana wake, mdogo wa mwenzangu, hakuridhika. Alisema kwa adabu, lakini alisema: taifa linapenda hadithi ya Akhwari kwa sababu ni ya bure. Linaitumia kwenye hotuba, na vijana wa Mbulu wanakimbia bila viatu vya maana, bila uwanja wenye njia ya kukimbilia ya mpira laini, bila mwalimu anayelipwa. Mzee akasema alipewa nishani ya shujaa wa taifa mwaka 1983, na mwaka 2008 alikuwamo mwenge wa Olimpiki ya Beijing ulipopita Dar es Salaam. Kijana akasema nishani hailishi. Wakabishana hadi adhana, ambayo ilitoka kwenye simu yangu na, nukta chache baadaye, kwenye msikiti wa mjini.

Mimi niko na kijana, ingawa nampenda mzee. Shujaa anatufanya tuwe kitu kimoja kwa siku moja. Baada ya hapo inabidi mtu anunue viatu. Heshima ya kweli kwa Akhwari ingekuwa njia nzuri ya kukimbilia hapa Mbulu, mita 400, isiyo na mashimo. Nimelisema hilo mezani. Mama akaniongezea maharage.

Baada ya kula waliimba wimbo mmoja wa Kwaresma, mimi nikaenda kuswali isha kwa mshale wa chaki.

Jumamosi. Mbulu, Karatu, Arusha

Karatu tumekaa muda mfupi, kwa sababu gari la Arusha lilikuwa limejaa na linaondoka. Nilitaka tu nikanyage mji alikozaliwa Filbert Bayi. Nilimsimulia mwenzangu yale niliyosoma juu ya Februari 2, 1974, Christchurch, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola: Bayi aliongoza tangu mlio wa bastola hadi mwisho, hakuna aliyempita, akashusha rekodi ya dunia hadi 3:32.16. John Walker wa New Zealand alikuwa nyuma yake, Ben Jipcho wa Kenya wa tatu. Mwaka uliofuata akachukua na rekodi ya maili, Kingston, Jamaika. Dunia ikangoja wakutane tena na Walker Montreal 1976. Hawakukutana. Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ilisusia kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu.

Fikiria kijana wa miaka 23, aliye katika ubora wake, anaambiwa asikimbie ili watu wa nchi nyingine wawe huru. Kwangu huo ni mfungo mkubwa kuliko wetu wote, na hakuupangia yeye mwisho wake. Alingoja miaka minne. Moscow mwaka 1980 akapata fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, na katika michezo hiyohiyo Suleiman Nyambui, mtu wa Mara, akapata fedha ya mita 5000. Hadi leo hizo mbili ndizo medali zetu zote za Olimpiki. Filbert na Suleiman.

Mto wa Mbu tumefuturu ndizi za kuiva kwenye gari, konda akisubiri.

Jumapili, Machi 8. Arusha

Alfajiri, baada ya daku, mwenzangu alinipeleka Sakina. Ukitaka kuwaona wakimbiaji wa Tanzania, simama barabarani huku kabla jua halijachomoza. Wanakuja vikundi vikundi, wembamba, hawasemi, unasikia viatu tu. Wengi ni Wairaqw, watu wa Mbulu na Karatu waliokuja kutafuta maisha kwa miguu yao. Kwenye kundi moja walikuwamo wasichana saba. Mwenzangu aliwaita kwa Kiiraqw na wawili wakacheka wakapunga mkono bila kupunguza mwendo. Leo ni Siku ya Wanawake, na nilipowaona nilimkumbuka Magdalena Shauri, wa tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41, rekodi ya taifa. Mtaani kwangu wanaomjua ni wachache mno. Wangemjua kama wanavyomjua Samatta, mabinti wengi wangetoka nyumbani.

Saa nne tulipita nje ya Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Huyu alikuwa mshairi, mwanafunzi mkubwa wa kanuni za ushairi wetu, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, waziri wa sheria wa nchi changa, akafa mwaka 1964 bado kijana. Vizazi vya wakimbiaji, wengi wao watoto wa parokia za Mbulu, wameshindania humo. Hakuna anayeona ajabu.

Jioni tulirudi Sakina, na hapo nikampata niliyemtafuta bila kujua namtafuta. Binti wa Kondoa, Muislamu, miaka kumi na tisa, amefunga. Mwalimu wake, Mlutheri, amehamisha mazoezi makali ya kundi zima kutoka asubuhi hadi saa kumi na moja jioni kwa mwezi mzima, ili binti akimaliza apate maji muda mfupi baadaye. Nilimuuliza mwalimu kama wengine hawakulalamika. Alisema wawili walilalamika siku ya kwanza kwa sababu ya joto. Siku ya tatu mmoja wao alianza kubeba tende mfukoni, akakimbia nazo, akampa mwenzake kwenye mstari wa mwisho.

Nimewatazama wakimaliza mizunguko. Binti alikuwa wa nne. Alikaa chini, akaangalia magharibi, akasubiri dakika zake, na kundi zima likakaa naye, chupa zimefungwa.

Baadaye aliniuliza kama kweli mimi ni fundi. Anakimbia na suruali ndefu na blauzi ya mikono mirefu aliyoinunua mtumba, nzito, inashika jasho. Ameomba nimshonee seti nyepesi, yenye kilemba kisichofunguka. Nimetoa futi yangu mkobani, nikampima mabega, mkono, kiuno, mguu. Mwenzake wa tende, Mkatoliki wa Karatu, akasema naye anataka ileile, mikono mirefu na kila kitu isipokuwa kilemba, wakisimama kwenye mstari waonekane timu moja. Nimempima naye. Mwalimu akauliza bei ya seti saba.

Rangi wamechagua bluu na njano. Kitambaa chepesi cha namna hiyo napata Kariakoo, mtaa wa Kongo, kwa mtu ninayemwamini. Idd itakuwa Ijumaa ya tarehe 20 au Jumamosi yake, mwezi utakavyoandama. Nimewaahidi mzigo utapanda basi kabla ya hapo, seti zote saba, na kodi ya cherehani ya wiki hiyo nitajua mwenyewe pa kuitoa.